Amjuaye Mbegha Amjue na Rama

Mwalimu wa Handeni au Korogwe aijua vema habari ya Mbegha: mwindaji aliyenyimwa urithi na jamaa zake huko Nguu, akaishi porini, na hatimaye akatawazwa mfalme Usambara. Lakini wengi waliokulia karibu na maduka ya Wahindi kandokando ya reli ya Tanga hawajui kwamba Wahindu nao wanayo habari ya namna hiyo.

Katika Ramayana, utenzi wa beti zipatazo 24,000, Rama aacha kiti cha ufalme ili ahadi ya baba yake itimizwe, akaa msituni miaka 14, kisha arejea kutawala. Mahabharata ni mrefu zaidi. Ndani yake mna Bhagavad Gita, beti 700 zihusuzo wajibu wa mtu, ambazo Gandhi alizitegemea maishani. Veda nne ndizo kongwe kuliko zote.

Kumdharau jirani kuwa ni mwabudu sanamu pasipo kujua vitabu vyake ni ujinga, na ujinga ni adui aliyetangaziwa vita tangu Uhuru. Hivyo basi, yampasa mwalimu asimuliaye habari za Mbegha kumtaja na Rama, ili mwanafunzi asimwone raia mwenzake kuwa mgeni.