Miradi ya nishati ipite kwanza kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie nishati jadidifu hapa Bagamoyo. Mwaka 2009 kampuni ya EcoEnergy iliurithi kutoka kampuni ya SEKAB ya Sweden mradi wa miwa kwenye ranchi ya Razaba: sukari, ethanoli na umeme wa makapi ya miwa. Mradi ukafa, na familia za huko ziliishi miaka mingi bila kujua zitabaki au zitahamishwa. Nani apande mnazi katika hali hiyo? Na nishati yenyewe haikutufikia: huku soko la samaki, kina mama bado wanakaanga kwa kuni, moshi machoni.

Naiomba Halmashauri: mradi wowote wa jua, upepo au miwa usomwe kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, fidia ikiwa imeandikwa. Wananchi wakiridhia, mradi utadumu.

Msomaji wako,
Bagamoyo