Sadaka Nayo Huhitaji Karani

Watafiti wa dola la Marekani kwa kawaida hugawana kazi: mmoja huchukua urasimu, mwingine dini, wa tatu asasi za kiraia. John DiIulio, mwanazuoni wa siasa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ameyashika yote matatu. Alianza na magereza. Kitabu chake cha 1987 kililinganisha magereza ya Texas, California na Michigan, na kikaonyesha kwamba usalama wa mfungwa hutegemea sana namna gereza linavyoendeshwa. Januari 2001 Rais George W. Bush alimwita Washington aongoze ofisi mpya ya Ikulu ya kushirikiana na asasi za dini na za kijamii, na Agosti mwaka huohuo akajiuzulu. Ukizisoma kazi zake pamoja unapata hoja tunayoisimamia katika toleo hili: serikali inayowakabidhi wengine kazi zake, wawe makanisa, misikiti au kampuni, inahitaji watumishi wa umma wengi zaidi na walio bora zaidi.

Takwimu zinashangaza. Watumishi wa kiraia wa serikali kuu ya Marekani, ukiwaondoa wa posta, wamekuwa wakizunguka milioni 2 tangu miaka ya 1960, ilhali matumizi ya serikali hiyo, hata baada ya kuondoa mfumuko wa bei, yameongezeka mara kadhaa. Kazi iliyozidi hufanywa na majimbo, wakandarasi na asasi zinazopokea ruzuku. Matokeo yake yalionekana tarehe 1 Oktoba 2013, tovuti ya bima ya afya ya serikali ilipozinduliwa. Makumi ya kampuni yalikuwa yamepewa vipande vya kazi hiyo, na siku ya kwanza walioweza kukamilisha usajili walikuwa watu 6. Fedha zilikuwepo, waliokosekana ni watumishi wa kutosha wenye uwezo wa kuwasimamia wakandarasi wale. DiIulio alipendekeza mwaka uliofuata kwamba serikali iajiri watumishi milioni 1 zaidi ifikapo 2035, na pendekezo hilo lilistahili kusikilizwa kuliko lilivyosikilizwa.

Watetezi wa asasi za dini watasema kanisa si kampuni. Linasukumwa na imani, na makaratasi yatalikausha. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tuangalie Amachi, mpango ulioanzia Philadelphia chini ya mchungaji Wilson Goode, aliyepata kuwa meya wa mji huo, wa kuwapatia walezi watoto ambao wazazi wao wamefungwa. Kila kanisa liliombwa watu 10 wa kujitolea, kila mmoja akae na mtoto wake angalau saa moja kwa wiki kwa mwaka mzima. Upendo ulitoka kanisani. Ila kabla mtu mzima hajaachwa na mtoto wa watu, lazima kuwe na mtu wa kuchunguza rekodi zake, kumtafutia mtoto anayeendana naye, na kufuatilia kama wamekutana kweli. Kazi hiyo ni ya ofisi, na bila hiyo mtoto yumo hatarini.

Wengine watauliza kwa nini tumwamini mwanazuoni aliyetabiri, mwaka 1995, wimbi la vijana wahalifu wasio na huruma, wimbi ambalo halikuja. Kosa lile lilikuwa zito. Lilichochea sheria kali zilizowaumiza watoto, hasa weusi, na majuto yake ya baadaye, ikiwemo kuunga mkono waraka wa wanazuoni mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi iliyoamuliwa 2012, hayakuwarudishia miaka yao. Lakini pale alikisia yajayo. Kuhusu watumishi, anahesabu yaliyopo, na yeyote anaweza kuhesabu tena.

Pingamizi kubwa ni la raia wa kawaida, anayeujua urasimu kwa jina la "njoo kesho, faili halionekani". Ana haki ya kukasirika. Ila mara nyingi faili halionekani kwa sababu karani mmoja amebebeshwa meza tatu, na kumfukuza huyo mmoja hakulileti faili.

Mwaka 2025 ulitupa ushahidi mchungu. Januari misaada ya nje ya Marekani ilisimamishwa, kisha kukatangazwa ruhusa maalumu kwa huduma za kuokoa maisha. Ruhusa ilikuwepo kwenye karatasi, lakini malipo mengi yalikwama, kwani waliozoea kuyapitisha katika makao ya USAID, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya nje, jijini Washington walikuwa wamepewa likizo ya lazima au wamefukuzwa. Catholic Relief Services, shirika la Kanisa Katoliki lenye makao Baltimore, mwendo mfupi kutoka hapo, lilianza kupunguza wafanyakazi. Tarehe 1 Julai USAID ikakoma rasmi. Waliodai kwamba dini na hisani zingeziba pengo la dola walipata jibu: shirika la dini lilijeruhiwa pamoja na ofisi iliyokuwa ikilipa. Msomaji wa Tanzania, ambako tangu 1992 serikali na makanisa wana makubaliano rasmi kuhusu huduma za jamii na ambako hospitali za misheni hutumika kama hospitali teule za wilaya, ana sababu ya kuuliza ni nani, kwa jina na kwa cheo, anayeisoma mikataba hiyo kila mwaka, na ana muda gani wa kuisoma.