Klipu yako ikivuma, pesa za tangazo ni za nani?

Umewahi kutazama tangazo kwenye runinga ukajiuliza, “Ala! Hii si nimeiona TikTok juzi?” Densi ni ile ile, mzaha ule ule, hata kamera imewekwa pale pale. Tofauti ni kwamba sasa mchezaji ameshika chupa ya soda, na kijana aliyebuni kitu chenyewe haonekani popote.

Usidhani ni sadfa. Kutengeneza tangazo ni ghali, na hakuna kampuni inayotaka kumwaga pesa kwa mzaha ambao huenda usichekeshe mtu. Klipu iliyovuma tayari imepimwa na maelfu ya watu walioitazama na kuisambaza. Kazi ya utafiti umeifanya wewe, tena kwa bando lako.

Wapo wanaofuata njia iliyonyooka. Video ya Gangnam Style ya Psy, msanii wa Korea Kusini, ilitoka Julai 2012, na Desemba mwaka huo ikawa ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja YouTube. Mapema 2013, kampuni ya Marekani inayouza njugu za pistachio haikutafuta mtu wa kumwigiza. Ilimwita Psy mwenyewe acheze kwenye tangazo lililoonyeshwa wakati wa fainali ya Super Bowl.

Lakini si kila mtu hupigiwa simu. Juni 2014 bendi ya Marekani, OK Go, ilitoa video ya kuchezea macho: vitu vilivyotawanyika chumbani vinaungana kuwa picha moja ukivitazama kutoka pembe fulani tu. Septemba, Apple ikizindua iPhone 6, ilionyesha filamu fupi yenye ujanja kama huo. Meneja wa bendi alisema walikuwa wamekutana na Apple mwezi Aprili na kuwaonyesha video hiyo, wakakataa kushirikiana. Baadaye Apple ikatumia watayarishaji wale wale walioitengenezea bendi video yake.

Je, huo ni wizi? Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Hakimiliki hailindi wazo, hulinda kazi yenyewe. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataka kazi iwe ya ubunifu wako na iwe imerekodiwa au kuandikwa. Kampuni ikichukua klipu yako jinsi ilivyo na kuibandika kwenye tangazo, una kesi. Ikichukua wazo tu, iajiri waigizaji na kurekodi upya, itakuwa vigumu kuibana.

Sura yako nayo ina ulinzi wake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazuia kutumia data yako kibiashara bila idhini yako, na picha yako ni data. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake.

Utasema, “Lakini hata sisi huigana. Challenge bila kuiga ni nini?” Ni kweli. Ila mbogi yako ikirudia densi ya msee mwingine, hakuna anayeuza kitu. Tangazo linauza, na anayeuza ana bajeti.

Kwa hivyo jipange. Hifadhi video asili ikiwa na tarehe yake. Ukipewa mkataba, uliza: klipu itatumika kwa muda gani? Ni mitandaoni tu au hadi runinga? Nalipwa ngapi? Ukiambiwa ati malipo ni “kujulikana”, kumbuka landlord hapokei likes.

Na ukiona tangazo limeiga kazi ya kijana unayemfuata, weka klipu hizo mbili bega kwa bega na umtaje jina. Sheria huenda isimsaidie, lakini kampuni inayotaka wateja vijana haipendi kuanikwa mbele yao.