Mtambo Uhesabu, Muuguzi Aamue

Mtoto aliyezaliwa na mama atumiaye heroini, au anayetibiwa kwa methadoni, huanza maisha kwa kukosa kitu ambacho mwili wake umekwisha kukizoea. Dawa hizo hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Kitovu kikatwapo, hukoma ghafula. Katika siku chache za kwanza mtoto hutetemeka, hulia kwa sauti kali, hutoka jasho, huhema upesi na kushindwa kunyonya vyema. Kwa watu wazima, hali kama hiyo mitaani huitwa arosto.

Mwaka 1975 Dk. Loretta Finnegan wa Philadelphia, Marekani, na wenzake walitoa jedwali la dalili zipatazo 20, kila moja na alama zake. Muuguzi hulijaza kila baada ya saa chache. Jumla ikifikia 8 mara tatu mfululizo, hospitali nyingi zimezoea kuanza kumpa mtoto mofini.

Lakini wauguzi wawili wamtazamao mtoto mmoja huweza kupata jumla mbili tofauti. Mtetemeko upi ni mdogo, na upi ni mkubwa? Alama moja tu yaweza kumtia mtoto katika dawa asiyoihitaji, au kumwacha mwingine ateseke. Ndiyo sababu watafiti wamegeukia mitambo: vihisio vidogo vya kupima mtikisiko wa mwili, vyombo vya kuhesabu mapigo ya moyo na pumzi, na kompyuta za kuchambua kilio. Mtambo hauchoki usiku wa manane, wala hauhitaji kumwamsha mtoto ili kumpima. Hizo ni faida za kweli.

Hata hivyo, yafaa tujiulize: mtambo huo umefunzwa na nani? Ukifunzwa kwa alama walizotoa wauguzi, utarithi makosa yao na kuyarudia bila kusita. Kila mwanafunzi wa fizikia ajua kwamba mizani iliyopotoka kwa gramu 50 hutoa jibu lile lile kila mara, na kila mara jibu hilo si sahihi.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 26 za Marekani. Badala ya jedwali refu, yaliulizwa maswali matatu: Je, mtoto anakula? Analala? Akilia, anabembelezeka? Kabla ya dawa, kwanza alipakatwa na kutulizwa mahali penye utulivu. Watoto hao walikuwa tayari kwenda nyumbani kwa wastani wa siku 8.2, wenzao wa utaratibu wa kawaida, siku 14.9. Waliopewa dawa za jamii ya afyuni walikuwa asilimia 19.5, dhidi ya asilimia 52.

Tazama swali la tatu. Hakuna kihisio kiwezacho kulijibu mpaka mtu amwinue mtoto na kumbembeleza. Kipimo chenyewe ni sehemu ya tiba.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni, na wanawake wenye mimba wamo miongoni mwa wanaohitaji tiba hiyo. Basi mitambo na ije, ihesabu pumzi na saa za usingizi. Lakini fedha zikiwa chache, zitangulie kununua kitanda cha mama kando ya mwanawe na kuajiri wauguzi wa kutosha.