Mtalii wa meli, shuka na shilingi mfukoni

Najua mnajiuliza: mtu wa Keumbu na meli za kitalii, wapi na wapi? Bandari iliyo karibu nasi ni ya Kisumu, nayo ni ya ziwa. Barabara ya Kisii kwenda Keroka inapita hapa na malori ya ndizi na majani chai, mabaharia hatuwajui. Lakini leo nina hasira kidogo na nitaimwaga hapa hapa, kwa sababu mawe yetu huko bandarini yamefika zamani.

Ukienda Mombasa, Mji wa Kale, ukakaribia Fort Jesus, utakuta vinyago vya mawe vimepangwa chini: viboko, bakuli, sahani za rangi ya waridi, bodi za mchezo wa chesi. Hilo ni jiwe la Tabaka, upande wa pili wa mji wa Kisii ukitokea kwetu. Wanaume wanalichimba, fundi analikata kwa panga na kulichonga kwa kisu, kisha kina mama wanakaa na beseni la maji wakisugua kwa msasa mpaka liwe laini kama yai. Likikauka linapakwa rangi au nta. (Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko huko, sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Sisi si watu wa mchezo!) Baada ya hapo ni magunia, nyasi za kukinga lisivunjike, dalali, na basi la usiku.

Binamu yangu yuko mwisho wa mnyororo huo. Anauza vinyago Mombasa, na meli ikitia nanga Kilindini ana saa sita au saba hivi za kupata riziki kabla abiria hawajaitwa warudi. Sasa sikilizeni jinsi abiria hao wanavyoshauriwa. Nimesoma miongozo yao mingi, na karibu yote inasema kitu kimoja kati ya viwili. Wa kwanza: usihangaike na pesa za wenyeji, beba dola ndogo ndogo, watazipokea. Wa pili: dunia imeendelea, kadi inatosha. Nasema wote wawili wanampa mgeni raha na kumwachia binamu yangu gharama.

Tuanze na dola. Noti ya dola 5 au ya dola 10 ikimfikia mwuza vinyago haijawa pesa bado. Hawezi kununulia unga wala kulipia matatu. Lazima aende kwenye duka la kubadilisha fedha, na huko noti ndogo hupewa bei ya chini kuliko ya 50 au ya 100. Ikiwa imechanika kidogo, au ina alama ya kalamu, inarudishwa. Ikiwa ni ya zamani, hasa zile zilizochapishwa kabla ya mwaka 2006, mara nyingi hawaigusi kabisa. Marekani wenyewe wanasema noti zao zote ni halali, lakini mwambie hivyo karani wa Mombasa uone. Na sarafu za yuro ndiyo balaa kubwa zaidi. Hakuna duka la fedha linalozipokea. Wauzaji wa pwani huzikusanya kwenye kopo, kisha wanaanza kumwomba kila mzungu anayepita awabadilishie kwa noti, naye anadhani ni ombaomba au tapeli. Yaani mtu amefanya kazi, amelipwa, na bado lazima aombe ili malipo yake yageuke pesa!

Upande wa Zanzibar jambo hili sasa lina sheria. Mwezi wa Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni za kukataza kuweka bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Kwa hiyo yule abiria anayeshuka Malindi akatembea mpaka Darajani na dola zake, akifuata mwongozo wa miaka kumi iliyopita, anamtia mwuzaji kwenye matatizo bila kujua. Wapo wanaolalamika kwamba kanuni hiyo inaua utalii. Mimi naona imechelewa. Ukienda London hutoi shilingi ya Kenya kwa dereva wa teksi ukitarajia akushukuru.

Haya, kadi.

Kwanza tuelewe kwa nini abiria wa meli wanapenda kadi hivi. Ndani ya meli hakuna pesa taslimu. Anapewa kadi ya meli, inayofungua mlango wa chumba chake na kuandika kila soda anayokunywa, na deni lote linakwenda kwenye kadi yake ya benki. Siku kumi akiishi hivyo, anasahau kwamba noti zipo. Anashuka Mombasa na plastiki tupu, anafika kwa binamu, anapenda kiboko, anatoa kadi. Binamu hana mashine ya kadi. Anayo nambari ya Lipa na M-Pesa, ambayo kwake ni bora kuliko mashine yoyote: mteja halipi ada, naye mwuzaji anakatwa kiasi kisichofika asilimia 1, na pesa zinaonekana kwenye simu papo hapo.

Lakini M-Pesa inataka laini ya Kenya iliyosajiliwa kwa pasipoti. Mgeni wa saa sita hatakwenda kupanga foleni ya laini. Basi binamu anakimbia na kadi, au na mgeni mwenyewe, mpaka duka la jirani lenye mashine. Mwenye duka anakata asilimia 10 "ya usumbufu", na anamlipa binamu Ijumaa. Dalali wa mawe hangoji Ijumaa.

Hata mwenye duka naye si kwamba anapata bure. Watu wengi wanadhani kadi ikigusa mashine pesa zimehama. Hapana. Mashine inauliza benki ya mwenye duka, benki inauliza mtandao wa Visa au Mastercard, mtandao unauliza benki iliyotoa kadi, iwe Ohio au Hamburg, na jibu linarudi kwa njia ile ile. Hilo jibu ni ahadi tu. Pesa zenyewe huja baadaye, siku moja, mbili, tatu, zikiwa zimenyofolewa kidogo kidogo na kila aliyeulizwa. Na swali lote hilo linasafiri chini ya bahari. Inachekesha kwamba nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, mji ule ule ambao meli hizi zinatia nanga, lakini zikikatika mahali mbali sisi tunabaki tukishika vichwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika huko kusini, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikaenda kwa kuchechemea. Noti ya shilingi 500 siku hiyo ilifanya kazi kama kawaida.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike. Mimi ni mtu wa programu, mkate wangu unatoka huko, kwa hiyo uovu ukiwa ndani ya programu siwezi kunyamaza.

Mgeni akiingiza kadi ya kigeni kwenye mashine nyingi za siku hizi, skrini inamwuliza: ungependa kulipa kwa shilingi au kwa pesa za kwenu? Inaonekana kama ukarimu. Tuchukue mfano. Kinyago ni shilingi 3,870. Dola ikiwa 129, hiyo ni dola 30 kamili. Mashine inampa dola 31 na senti 50, kwa kiwango ilichojipangia yenyewe, labda asilimia 5 juu. Anaona dola, pesa anayoijua, anabonyeza. Ile dola moja na nusu haimfikii binamu, haifiki Tabaka, haifiki kwa mama wa beseni la maji. Inagawanwa na wenye mfumo. Na benki nyingine za kwao zitamtoza tena ada ya muamala wa nje ya nchi juu yake, kwa kuwa duka liko Kenya hata kama pesa zimeandikwa dola! Kama angebonyeza shilingi, benki yake ingebadilisha kwa kiwango cha mtandao wa kadi, na hata kama ingemtoza asilimia 3, hiyo ni senti 90.

Mtu fulani alikaa akachora skrini ile. Aliamua kitufe cha dola kiwe cha kwanza. Aliamua kiwe kijani. Aliamua maandishi ya kiwango yawe madogo kuliko bei. Hayo hayakuota yenyewe kama magugu. Kuna kikao, kuna mtu alisema "watabonyeza zaidi tukifanya hivi", na mwenzetu mmoja akaenda akaandika msimbo. Mashine za kutolea pesa nazo zina swali hilo hilo, limevaa nguo nyingine: "kubali kiwango hiki" au "kataa". Neno kataa linamtisha mgeni, anadhani atanyimwa pesa. Ukweli ni kwamba akikataa anapata pesa zake vile vile, kwa shilingi, na kwa bei nafuu. Ndugu zangu wa programu, tukipewa kazi ya aina hii tuwe na ujasiri wa kusema shilingi ije kwanza. Nchi ni yetu, sarafu ni yetu, kwa nini iwe chaguo la pili kwenye skrini iliyoko Mombasa?

Najua nitakayojibiwa. Kuna kundi la wataalamu, tena marafiki zangu, ambao kwao pesa taslimu ni ushamba. Wataniambia noti zinaibwa, noti ni za bandia, noti hazina kumbukumbu, tumalize tu hii habari. Hawa ndio wanaosahau kwamba M-Pesa yenyewe, ilipoanza Machi 2007, ilishinda kwa sababu ya mawakala wanaogeuza pesa za simu kuwa noti na noti kuwa pesa za simu kila kona. Ule ulikuwa daraja kati ya vitu viwili. Mgeni wa meli yuko ng'ambo ya daraja hilo na hana muda wa kulivuka, basi aje na kitu ambacho mwuzaji anaweza kukipokea akiwa amesimama pale pale. Noti za shilingi binamu anazipeleka kwa wakala mita ishirini kutoka anaposimama, na jioni dalali wa Tabaka kalipwa.

Hoja ya wizi nakubali ina uzito, ndiyo maana sisemi mtu atembee na mshahara wa mwezi. Na sisemi kadi itupwe baharini. Kama unalipia safari ya siku moja kwenda Shimba Hills au Tsavo Mashariki, na unailipia kampuni yenye ofisi na mashine yake, lipa kwa kadi. Gari lisipotokea, unaweza kuidai benki yako irudishe pesa, jambo ambalo noti haiwezi. Hapo kadi inakulinda dhidi ya mwenye nguvu kuliko wewe. Kwa mwuza kiboko cha mawe mwenye nguvu ni wewe: kinyago umeshakishika mkononi, umeshakigeuza mara tatu, hakuna kitu cha kulindwa nacho.

Kwa hiyo abiria afanye nini? Atoe pesa mara moja tu, kwenye mashine ya benki Moi Avenue au Nkrumah Road, kiasi cha kutumia siku hiyo, na akatae kiwango cha mashine. Kutoa mara tatu ni kulipa ada mara tatu. Mashine itampa noti za 1,000, nazo ni mzigo kwa mwuzaji wa asubuhi asiye na chenji, basi anywe kahawa au anunue maji mahali penye duka kubwa apate za 200 na 100. Kama aliwahi kuja Kenya zamani na amehifadhi noti za 1,000 za kabla ya mwaka 2019, aziweke kwenye albamu ya picha. Zilikoma kuwa pesa tarehe 30 Septemba 2019. Shilingi zikibaki jioni, atumie zote kabla ya kupanda ngazi ya meli, kwa sababu bandari inayofuata hawatazitaka.

Na wenye bandari, kuanzia Mombasa mpaka Malindi ya Unguja, wekeni kaunta ya kubadilisha fedha pale pale abiria anaposhukia, yenye noti ndogo na kiwango kilichoandikwa kwa maandishi makubwa.

Mimi kwa upande wangu nimemtengenezea binamu programu isiyo na programu. Ni karatasi ya ukubwa wa daftari. Upande mmoja bei zote ziko kwa shilingi, na chini yake maneno kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa: ukiulizwa na mashine, chagua KES. Upande wa pili ni ramani ndogo ya njia ya kwenda mashine za benki mbili zilizo karibu. Haihitaji betri. Kesho nikishuka Kisii mjini nachapisha nakala 20, zipande basi la usiku pamoja na mawe.