Jaribio Si Tiba, na Mgonjwa Aambiwe Hivyo

Zinasambaa habari za sindano inayochomwa moja kwa moja kwenye uvimbe wa saratani ili kuamsha kinga ya mwili. Habari hizo si uongo. Saratani za mdomo na shingo mara nyingi hufikika kwa sindano. Dawa huwekwa pale pale, na inatumainiwa kwamba kinga ikishaamka itaufuata ugonjwa hata mahali pengine.

Ninachopinga ni kuiita tiba. Jaribio la hatua ya kwanza hutafuta hasa kiasi salama cha dawa. Halikupangwa kumponya anayechomwa. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya T-VEC, kirusi kilichopunguzwa makali, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2015 kwa saratani ya ngozi. Safari hii walichomwa wagonjwa 36 wenye saratani ya kichwa na shingo iliyorudi au kusambaa, wakipewa pia dawa nyingine ya kinga. Kwa watu 5 uvimbe ulipungua vya kutosha. Mmoja alikufa kwa kutokwa damu, na kifo hicho kilihusishwa na dawa.

Mgonjwa wa Tunduma aliyekwisha kuambiwa hakuna la kufanya atatia sahihi karatasi yoyote. Katekisimu, namba 2295, inadai ridhaa ya mtu anayeelewa, lakini haiishii hapo: inakataa pia hatari iliyozidi kiasi au inayoweza kuepukika. Uvimbe wa koo ukichomwa unaweza kuvimba zaidi na kuziba pumzi. Likimtokea hilo wodini, daktari yupo. Likimtokea ndani ya basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900, nani atamfungulia njia ya hewa? Kwa hiyo watafiti watakaowaita watu wa Songwe walipie malazi na uangalizi hadi hatari ipite. Kibali cha NIMR na cha TMDA pia kiulizwe, bila aibu.

Sisemi tuukimbie utafiti. Jirani zetu wa Mbeya walijitolea katika jaribio la chanjo ya VVU liitwalo PrEPVacc. Uchanjaji ulisimamishwa mwaka 2023 kwa kuwa haukuonekana uwezekano wa kuzuia maambukizi. Jibu lilikuwa hapana, na watu walielezwa.

Mafrateri, mkipeleka Komunyo kwa wagonjwa mtaulizwa, "Frateri, niende?" Msijibu kama madaktari. Mwulizeni yeye ameelewa nini, na kama anajua kwamba anaweza kujitoa siku yoyote na bado akahudumiwa. Kama hajui, mrudisheni kwa daktari wake akaelezwe kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwanga ikibidi, akiwa na ndugu yake.

Na kabla hatujafika kwenye sindano hizo, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3, uvimbe wa shingo usioisha na sauti inayokwaruza bila kukoma vitangazwe baada ya Misa, kama tunavyotangaza michango. Mtu aende mapema Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe.