WANAHESABU JIWE, HAWAHESABU MTU

Wandugu wafanya kazi wa migodi, na ninyi wote wakaaji wa miji!

Wakubwa wa dunia wanasema sana juu ya silaha za kuua watu wengi. Wanasema bomu la atomiki lisienee. Katika universite za Ulaya na Marekani waalimu wanaandika vitabu juu ya neno hilo, wanakutana, wanashauri serikali. Neno lenyewe ni jema. Sisi nasi hatutaki bomu. Lakini tunauliza: hesabu yao inaanzia wapi?

Jiwe lilitoka kwetu, Shinkolobwe, karibu na Likasi. Lilionekana mwaka 1915, na kompani ya Union Minière ikalichimba kwa ajili ya radiumu. Mwaka 1939 Albert Einstein, mwenye elimu mkuu, alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani. Ndani ya barua iliandikwa kwamba urani iliyo muhimu kuliko zote iko Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa kompani, akapeleka New York tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Yalikuwa na oksidi ya urani karibu sehemu 65 katika 100; mawe mengi ya nchi nyingine hayafiki hata sehemu moja. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima ukaungua.

Nani alipasua mawe yale? Nani aliyatia katika magunia na kupumua vumbi lake? Ni baba zetu. Waliambiwa nini? Hawakuambiwa kitu. Jina la Sengier limo katika vitabu. Majina yao yako wapi?

Sikieni sasa habari ya wenye elimu. Mwaka 1946 watu wa akili huko Marekani, na Robert Oppenheimer kati yao, waliandika mpango wa kuzuia bomu. Walisema: mlango wa kwanza ni mgodi, chama kimoja cha dunia yote kishike urani yote. Akili nzuri kabisa! Lakini tangu 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji walikwisha patana wao kwa wao juu ya urani ya Kongo. Mkono mmoja unaandika mgodi uwe wa dunia yote, mkono wa pili umeshika Shinkolobwe kwa nguvu. Na Mkongo hakuulizwa.

Mpango ule ulikufa. Mwaka 1970 mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za atomiki ulianza kazi. Mwaka 1972 Shirika la Atomiki la Vienna likatoa kanuni za ukaguzi. Katika kanuni hizo imeandikwa wazi: ukaguzi haugusi kazi ya kuchimba wala ya kusafisha mawe. Ndiyo kusema, mkaguzi anasimama mlangoni mwa fabriki, mgodi ameupa mgongo! Mwaka 1997 wakaongeza kanuni mpya: nchi zinazoikubali zitaje migodi yao na nguvu yake ya kutoa urani. Ni hatua. Lakini bado wanahesabu jiwe, hawahesabu mtu.

Wengine watatujibu: «Jiwe si bomu. Kutoka jiwe mpaka bomu kunatakiwa mashini kubwa, mali nyingi na miaka.» Ni kweli. Lakini mwizi haingii kwa mlango unaolindwa; anaingia kwa ule ulioachwa. Tazameni Shinkolobwe. Mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa 1960. Baadaye watu wenye njaa waliingia kutafuta kobalti, kwa mikono na koleo. Januari 2004 Rais alitoa amri ya kufunga. Amri haikujaza tumbo la mtu. Julai 2004 udongo ukaanguka na watu 8 wakafa. Ndipo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakafika kupima. Kumbe ni lazima maiti iite mwalimu!

Si wote waliofumba macho. Mwanamke mmoja mwenye elimu, Gabrielle Hecht, mwaka 2012 alitoa kitabu juu ya urani ya Afrika. Alionyesha kwamba kazi ikiitwa «ya atomiki», mfanya kazi hupimwa na kulindwa. Ikiitwa mgodi tu, anaachwa na vumbi lake. Huyo aliuliza swali la kweli. Wamfuate wengine.

Basi tunataka mambo matatu. Moja: kila anayeandika juu ya kuzuia bomu aanze kwa mchimbaji, aulize nani anachimba, nani ananunua, kwa bei gani. Mbili: vumbi na damu ya wafanya kazi vipimwe, na mfanya kazi mwenyewe apewe hesabu hiyo kwa lugha anayoisoma. Tatu: wana wa Kongo wa universite zetu wakae mezani, wasibaki kubeba mifuko ya wageni.

Mwaka 2022 nchi yetu ilithibitisha mkataba wa kukataza kabisa silaha za atomiki. Tumetoa neno letu mbele ya dunia. Wale wenye mabomu bado hawajatoa lao. Basi wasitufundishe amani kama watoto. Jiwe la kwanza lilitoka mikononi mwetu, na neno juu ya jiwe ni letu pia.

Wandugu, someni, mwambieni jirani, msinyamaze!